Chombo cha Kukaliwa

Katika ufundi wote wa pwani ya Afrika Mashariki, uundaji wa vyombo umesifiwa kuliko mwingine, na sifa hiyo ni haki yake, kwa kuwa waundaji wa Matondoni kisiwani Lamu na wa Nungwi huko Unguja wamezoea kujenga majahazi bila michoro, wakianza na mkuku, yaani gogo la chini linalobeba chombo kizima, wakipandisha mbao za ubavuni, na baadaye kutia mataruma, ambayo ni mbavu za ndani. Uko ufundi mwingine usiopewa heshima ya kutosha, nao ni ule wa kukikagua chombo kilichokwisha kuundwa na kuamua kama watu wanaweza kukaa ndani yake kwa miezi mfululizo. Ufundi huu hauna kitu cha kuonyesha, kwani mkaguzi akimaliza kazi chombo ni kilekile. Tofauti ni kwamba mwenye kukinunua sasa anajua atalala juu ya nini.

Haja yake ni ya tangu zamani. Upepo wa kaskazi, uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ulivileta vyombo kutoka Ghuba, Arabuni na India, na ule wa kusi ukavirudisha, kwa hiyo mabaharia wa Sur na Kuwait waliishi chomboni sehemu kubwa ya mwaka, iwe ni safarini au bandarini wakingoja upepo ugeuke. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri nao katika msimu wa 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait, na kitabu chake *Sons of Sindbad*, kilichotoka mwaka 1940, kinaeleza jinsi watu zaidi ya 100 walivyolala, walivyopika na kuswali juu ya sitaha moja. Watu hao hawakukichagua chombo kwa uzuri wa rangi yake.

Mgeni wa kazi hii hutazama kwanza sitaha na chumba cha shetri, yaani cha upande wa nyuma. Mkaguzi huteremka moja kwa moja ngamani, mahali pa chini kabisa ambapo maji yote ya chombo hukusanyika. Hategemei kupakuta pakavu, na pakiwa pakavu mno, tena pamepakwa rangi mpya, huanza kumshuku muuzaji. Kila chombo cha mbao huvuja, na kilichokaa muda mrefu ufukweni huvuja zaidi siku za mwanzo za kurudi majini, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe na kubanana upya. La kujua ni maji yanatoka wapi na yamepita katika nini. Maji safi ya chumvi yanayopenya polepole hutoka kwenye maungio ya mbao, na dawa yake ni kalafati, ambayo ni pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu. Maji yenye wekundu huleta habari nzito zaidi, kwa maana ni kutu ya misumari: fundi mwangalifu huuviringishia msumari wa chuma nyuzi za pamba zenye mafuta kabla ya kuupigilia, lakini kinga hiyo ikifa, kutu huula msumari na kuudhoofisha ubao unaouzunguka, hata ubao ukabaki umeshikwa na jirani zake tu.

Maji mabaya kuliko yote hayana rangi wala chumvi, na ndiyo maana wakaguzi wengine huyaonja. Hayo ni maji ya mvua, yanayopita katika nyufa za sitaha na kutuama kwenye ncha za darumeti, yaani boriti zinazoibeba sitaha hiyo. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi katika unyevu wa maji baridi na huzuiwa na chumvi, hivyo chombo kinachovuja kidogo kutoka chini kinaweza kudumu kuliko kile kinachovuja kutoka juu, jambo linalopingana na hofu ya kila mtu wa nchi kavu. Kwa anayetaka kukaa humo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe huleta maji baridi kila siku: ya kufulia na kuogea, mvuke wa chungu, pumzi za wanaolala. Jahazi la mizigo huachwa wazi katikati, upepo ukapita na kulikausha. Mkaaji huliziba kwa mbao, akatandika majamvi na magodoro, kisha akashangaa harufu ya ukungu.

Bamvua likifika, maji ya kupwa yakarudi mbali, chombo hulazwa ufukweni na upande wake wa chini huonekana kwa saa chache. Hapo mkaguzi hutumia sikio, akigonga ubao baada ya ubao kwa nyundo ndogo kama mpishi anayeitikisa nazi sikioni kabla ya kuivunja, kwani ubao mzima huitika kwa sauti kavu na uliooza hunyamaza. Adui wa hapa ni mdudu wa baharini anayeingia kwa tundu dogo sana na kukua ndani, akila kufuata nyuzi za mti huku uso wa ubao ukibaki laini. Deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, hupakwa chini ya mstari wa maji ili kumzuia, na juu ya mstari huo hupakwa sifa, mafuta ya papa. Palipobanduka deheni ndipo mkaguzi anapochoma kwa ncha ya kisu.

Umbo nalo lina neno lake. Bagala za zamani zilikuwa na tezi, yaani sehemu ya nyuma, pana na bapa, yenye chumba na madirisha, ilhali bumu limechongoka mbele na nyuma, na uchongofu wa nyuma hulisaidia kwenye mawimbi yanayolifuata lakini humnyima mkaaji nafasi. Atakayetia nanga mkononi mwa bahari miezi tisa kati ya kumi na miwili hana sababu ya kulichagua, hata likiwa na sura ya kupendeza. Kuhusu jiko, sanduku la mbao lililojazwa mchanga bado halijapata mshindani, kwa kuwa huhamishwa upepo unapogeuka.

Linalosahauliwa mara nyingi ni uzito. Jahazi limekadiriwa kubeba shehena, na vyombo vya nyumbani, hata vikiwa vingi, havifiki uzito wa boriti za mikoko au magunia, kwa hiyo chombo cha kukaliwa huelea juu mno na kuyumba kwa kila wimbi mpaka kitiwe farumi, yaani mawe au mchanga wa kukituliza. Farumi hiyo huwekwa palepale ngamani, mahali ambapo mkaaji anapaswa kupaona kila wiki, na mchanga mtupu huziba matundu ya chini ya mataruma yanayopitisha maji kuelekea kwenye pampu. Mkaguzi mzuri hushauri mawe ya kubebeka kwa mikono miwili, yapangwe juu ya mbao nyembamba zilizoinuliwa kidogo, na kabla ya bei kukubaliwa hudai yaliyomo yote yatolewe ili achungulie chini yake.