Tundu Linalosikiliza Molekuli Mojamoja

Mahindi ya Kwanza, kule Trans Nzoia nchini Kenya, huishia ghalani Kitale, kwenye posho mill ya jirani, au juu ya lori la Nairobi katika magunia ya kilo 90. Anayeyapakia huenda hajawahi kusikia kwamba wanga uliomo ndani ya punje, ukiachiwa kimeng'enya cha bakteria fulani, hujikunja na kuwa pete ndogo za sukari. Pete hizo zinaitwa siklodekstrini. Mfaransa Antoine Villiers alizieleza mara ya kwanza mwaka 1891. Yenye glukosi saba huitwa beta, yenye nane huitwa gama. Umbo lake ni kama kata ambayo akina mama hujitwika chini ya mtungi: duara lenye uwazi katikati, pana upande mmoja na jembamba kidogo upande wa pili. Ukingo wake wa nje hupatana na maji, lakini uwazi wa ndani huyakimbia maji na kukaribisha chochote kinachoyakimbia vilevile.

Kati ya wageni wanaoupenda sana uwazi huo ni kemikali za PFAS. Hizi ni minyororo ya kaboni iliyovikwa florini kila upande. Familia hii ilianza kujulikana mwaka 1938, Roy Plunkett wa DuPont alipofungua mtungi wa gesi na kukuta unga mweupe unaoteleza, ambao baadaye uliitwa Teflon. Tangu hapo zimeingia kwenye sufuria zisizoshika chakula, makoti yasiyolowa, karatasi zisizopitisha mafuta na povu la kuzimia moto wa petroli. Kifungo cha kaboni na florini ni kigumu mno. Jua halikikati, bakteria wa mtoni wanahangaika nacho bure, na mwili wa binadamu hukaa na baadhi ya kemikali hizi kwa miaka. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA, mojawapo ya zile maarufu, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kwetu huku swali ni la mto. Mito ya Koitobos na Sabwani hushuka kutoka Mlima Elgon, hupita mashamba ya Trans Nzoia na kumwaga maji yake katika mto Nzoia. Nzoia nao huteremka hadi Webuye, hupasuka kwenye mawe ya maporomoko ya Nabuyole, hupita Mumias na kufika Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Watu wa Bungoma wanaujua mto huu tangu siku za kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009, na uchafu wa enzi zile ulitambulika kwa rangi na kwa harufu. PFAS hazina rangi wala harufu. Zinahitaji jicho la namna nyingine.

Jicho hilo limewahi kuelekezwa upande wetu wa ziwa. Mwanakemia Francis Orata, wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega, pamoja na wenzake alioshirikiana nao Ujerumani, walipima PFOA na PFAS nyingine iitwayo PFOS katika sangara na ngege wa Ziwa Victoria na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Mwaka uliofuata wakatoa vipimo vya maji ya ghuba ya ziwa na mito inayoingia humo. Katika mito hiyo walikuta PFOA hadi nanogramu 96.4 kwa lita, na PFOS hadi 13.2. Ili msomaji apate kipimo cha kulinganisha, Marekani iliweka mwaka 2024 kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa kila moja ya hizo mbili katika maji ya kunywa. Huko Kampala, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulizitafuta katika maji, udongo na mimea ya kinamasi cha Nakivubo, mahindi yakiwemo.

Nawaheshimu sana watu waliofanya kazi ile, maana ni kazi ya kuchosha. Anayechota sampuli haruhusiwi kuvaa koti la mvua la kitambaa kisicholowa, na aliyewahi kusimama juu ya daraja Kitale mwezi wa Aprili anajua hilo lina maana gani. Hajipaki losheni asubuhi hiyo. Chupa ni ya plastiki ya polipropilini, kwa sababu baadhi ya kemikali hizi hunata kwenye glasi, na kifuniko hakina Teflon. Hubeba pia chupa ya maji safi kabisa, huifungua pale pale mtoni na kuifunga tena, ili ijulikane kama mikono yake au hewa ya pale imeongeza kitu. Kisha maji huchujwa kwenye kifuko cha resini kinachokamata PFAS, nazo huoshwa kutoka humo kwa kimiminika kidogo na kupelekwa kwenye mashine inayotenganisha molekuli na kuzipima uzito. Mashine hiyo ni ghali, inadai gesi, umeme usiokatika na fundi aliyesomea. Sampuli husafiri mbali, jibu hurudi baada ya majuma.

Ndipo ufundi wa vitundu vya nano unaponivuta. Wazo lenyewe si geni hospitalini. Mashine ya kuhesabu chembe za damu hufuata hataza ya Wallace Coulter ya mwaka 1953: tundu dogo lenye maji ya chumvi na umeme unaopita, kila chembe ikipita umeme hupungua kidogo, na kila kupungua huhesabiwa. Kitundu cha nano hufanya jambo hilohilo, ila tundu limepunguzwa maelfu ya mara. Linalotumiwa sana ni protini ya bakteria Staphylococcus aureus, ambayo hutoboa chembe hai kwa kujipanga vipande saba kuzunguka njia moja. Sehemu yake nyembamba kabisa ina nanomita 1.4. Mwaka 1996 John Kasianowicz, Daniel Branton, David Deamer na mwenzao walipitisha nyuzi za DNA humo. Mwaka 1999 Li-Qun Gu, Hagan Bayley na wenzao waliweka ile pete ya wanga ndani ya njia hiyo, ikakaa kama kizibo chenye tundu, na wakaanza kutambua molekuli ndogo zilizoingia ndani ya pete. Watafiti wa PFAS wamepita njia hiyohiyo.

Tazama fundi anavyofanya. Ana vyumba viwili vidogo vya maji ya chumvi, vimetengwa na utando mwembamba wenye tundu linalokaribia unene wa unywele. Juu ya maji anadondosha mafuta yaliyoyeyushwa, anasubiri kiyeyushi kiruke, kisha anapandisha maji polepole hadi yapite tundu. Mafuta yanajitandaza, safu mbili za molekuli, unene wa nanomita nne au tano. Mara nyingi hupasuka. Anarudia. Yakishika, anaongeza protini kidogo sana na kusubiri, kasha la chuma likiwa limefunika chombo chote na simu zikiwa mbali. Mchoro kwenye skrini umelala kwenye sifuri. Ghafla unaruka hadi karibu pikoampea 100: gawanya ampea moja mara trilioni, uchukue vipande 100. Hapo protini moja imejichomeka. Zikichomeka mbili, usomaji huchanganyika, na fundi humwaga na kuanza upya.

Kisha inakuja pete ya wanga, na mkondo unashuka hatua moja. Kisha molekuli ya PFOA inaingia ndani ya pete, na mkondo unashuka tena, kwa milisekunde tu, halafu unarudi. Kina cha kushuka kinaeleza ukubwa wa mgeni, na muda wa kukaa kwake unaeleza alivyoshikwa. Mnyororo mrefu hung'ang'ania, mfupi huponyoka upesi. Mnyororo wa florini ni mnene na mgumu zaidi kuliko wa mafuta ya kawaida, hivyo huijaza pete vizuri zaidi. Napenda kwamba katika kazi hii kemikali hutambuliwa kwa mwenendo wake, bila kutiwa rangi na bila kuvunjwa. Na napenda kwamba utando unaoshika mafuta katika vyombo vingi vya aina hii ni Teflon, kwa hiyo fundi wa florini analazimika kukipima chombo chake kabla ya kuupima mto.

Ugumu uko kwenye hesabu. Nanogramu 4 za PFOA katika lita ni molekuli karibu trilioni 6. Ni nyingi kwa masikio yetu, lakini zimetawanyika kiasi kwamba kitundu kimoja kinaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kutembelewa na hata moja. Kwa hiyo kifuko cha resini hakiondoki: maji mengi ya mto lazima yakamuliwe yawe matone kabla ya kufikishwa kwenye tundu. Chumvi, udongo na asidi za majani yaliyooza navyo huingia na kuleta kelele. Kifaa cha kupeleka daraja la Nzoia asubuhi na kurudi na jibu mchana bado ni kazi ya maabara, na sioni haya kulisema, kwa kuwa ufundi mzuri huchukua muda wake.

Lakini kanda hii si ngeni kwa vitundu. Mwaka 2020 maabara ya KEMRI-Wellcome Kilifi ilisoma jenomu za virusi vya korona kwa mashine ya vitundu vya nano (nanopore) inayoshikika mkononi. Kabla ya hapo Joseph Ndunguru wa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda na wenzao walikuwa wamebeba mashine ya aina hiyo hadi mashamba ya muhogo, wakasoma virusi vya majani wakulima wakiwa wamesimama pembeni. Tundu la PFAS ni jingine na linadai pete yake, lakini mikono iliyozoea chumvi, utando na mkondo mdogo ipo tayari Afrika Mashariki.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. PFOS iliongezwa kwenye orodha yake mwaka 2009, PFOA mwaka 2019. Sheria hizo zinahitaji namba, tena za mara kwa mara: masika na kiangazi, juu ya Webuye na chini yake, na visima vya Kwanza ambako watu huchota kila siku. Tundu likipatikana litafaa hasa kwa kuchuja, kwamba chupa hii haina neno, hii iendelee. Zile chache zenye dalili zitapelekwa kwenye mashine kubwa, na namba ya mto itaandikwa pale vipimo viwili vitakapopatana.