Wimbo wa Muongo: Uhakiki wa Uteuzi wa Wimbo Bainifu wa Miaka ya 2000 Nchini Tanzania kwa Mtazamo wa Usambara

Utangulizi

Kila muongo unapokwisha, wapenzi wa muziki na baadhi ya wahakiki huteua wimbo mmoja na kuuita wimbo wa muongo huo. Kwa Bongo Fleva ya mwaka 2000 hadi 2009, nyimbo zinazopewa nafasi hiyo ni pamoja na "Starehe" wa Ferooz akishirikiana na Profesa Jay, "Zali la Mentali" wa Profesa Jay na Juma Nature, na "Cinderella" wa Ali Kiba. Kigezo kinachotumika aghalabu ni umaarufu, na umaarufu huo hupimwa Dar es Salaam, kwenye studio, vituo vya redio na kumbi za tuzo. Uhakiki huu unalielekeza swali hilo Lushoto na katika safu za Usambara, na kudai kuwa wimbo unaoubainisha muongo huo kuliko mingine ni "Wauguzi" wa Wagosi wa Kaya, kundi la Tanga lililoundwa na Mkoloni na Dk. John.

Kubainisha muongo si sawa na kupendwa ndani ya muongo. Wimbo unaweza kupendwa na kila mtu na bado ukawa umetoka miaka kumi kabla au baada ya wakati wake. Wimbo bainifu ni ule unaolitaja jambo ambalo wasikilizaji wa wakati huo walikuwa wakiliishi, kwa namna ya usemaji ambayo wakati huo ndio ulioiwezesha. Sehemu zote mbili ni za lazima: jambo na namna.

Mamlaka ya kuteua

Katika miaka ya 1960 hadi 1980 swali hili lingekuwa na jibu jepesi zaidi, kwa kuwa chombo cha utangazaji Tanzania Bara kilikuwa kimoja. Wimbo wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi mbili za Tanga, ulipopigwa na Redio Tanzania Dar es Salaam ulisikika Mlalo na Mtwara kwa saa ile ile. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba huo. Radio One ilianza mwaka 1994 na nyingine zikafuata. Perullo (2011), katika utafiti wake kuhusu uchumi wa muziki Tanzania, anaonesha jinsi redio binafsi, studio na wasambazaji walivyoujenga muziki wa kizazi kipya. Jambo linalohitaji kuongezwa hapa ni la kijiografia. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na milima huyakata. Msikilizaji wa bondeni nyuma ya mgongo wa mlima hakuwa katika soko lile lile la redio na msikilizaji wa Kinondoni. Nyimbo zilimfikia pia kwa kanda na santuri, dukani na ndani ya magari yapandayo kutoka Mombo kupitia Soni. Kwa hiyo orodha za nyimbo bora zilizopangwa kwa kufuata ratiba za redio za Dar es Salaam ni ushahidi wa Dar es Salaam kwanza, na wa taifa baadaye.

Wagombea wa kawaida

"Starehe" ndio wenye hoja nzito zaidi, na haufai kupitwa kwa haraka. Ni masimulizi ya kijana aliyeambukizwa Virusi vya UKIMWI ambaye, akiwa karibu na kifo, anatazama nyuma maisha aliyoyaishi. Muundo wake ni wa wosia, na wosia ni utanzu ambao jamii za Kiswahili zimeuheshimu tangu enzi za tenzi. Msikilizaji mzee asiyependa kufokafoka aliweza kuukubali kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mantiki yake yote inategemea sharti moja: kwamba ugonjwa ni hukumu isiyo na rufaa. Sharti hilo lilikuwa kweli katika miaka ya 1990. Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi ulianza mwaka 2004, katika kipindi kile kile wimbo ulipokuwa ukitamba. Kwa mtazamo huu "Starehe" ni wimbo mkubwa wa muongo uliotangulia uliochelewa kuimbwa. Ubora wake haupungui kwa hilo. Ubainifu wake kwa miaka ya 2000 ndio unaopungua.

"Zali la Mentali", kisa cha kijana maskini anayependwa na mwanamke mwenye mali, ni ndoto ya mjini ambayo vijana walioteremka kutoka Lushoto kwenda Kariakoo na magunia ya karoti na kabichi waliielewa vizuri. Lakini ngano ya maskini aliyeangukiwa na bahati ni ya kale kuliko muongo wowote. "Cinderella" ya mwaka 2007 inatazama mbele: uimbaji laini wa mapenzi uliokuja kutawala baadaye, hadi "Number One" ya Diamond Platnumz mwaka 2013. Ni mlango wa muongo unaofuata.

"Wauguzi" na lugha ya kuiponya nchi

"Wauguzi" ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukiwa lawama ya wazi kwa wahudumu wa hospitali kuhusu namna wanavyowapokea wagonjwa. Ili kuupima kutoka Usambara, nadharia inayofaa ipo Usambara kwenyewe. Feierman (1990) anaeleza kwamba mijadala ya kisiasa ya Wasambaa ilizunguka dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alihukumiwa kwa mvua, mavuno na uzima wa watu, si kwa ufasaha wa amri zake. Katika lugha hiyo, muuguzi anayemuumiza mgonjwa si mtumishi mwenye tabia mbaya tu. Ni mponyaji aliyegeuka, na kugeuka kwake ni dalili ya nchi iliyoharibika.

Muktadha wa muongo unaipa dhana hiyo uzito. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianzishwa katika hospitali za serikali kuanzia mwaka 1993, na mwaka huo huo ajira serikalini zikasimamishwa. Matokeo yake yaliwafikia wananchi miaka michache baadaye kwa sura moja: mgonjwa anayetakiwa kulipa, mbele ya mhudumu mmoja anayefanya kazi ya wengi. Kwa mwanamke aliyebebwa kwa machela kutoka kijiji cha mlimani hadi barabarani, "sera" haikuwa na uso mwingine zaidi ya uso wa aliyempokea.

Hapa ndipo pia penye udhaifu wa wimbo, na wahakiki wanaousifu huunyamazia. Lawama inaishia wodini. Wanaume wawili wenye maikrofoni wanawashambulia watumishi wa ngazi ya chini, wengi wao wanawake, bila kupanda ngazi hadi kwa aliyepanga bajeti. Kwa kipimo cha kuzifya shi hilo ni kosa, maana kipimo hicho humdai mtawala, si mjumbe wake. Lakini kosa hilo ndilo linaloufanya wimbo kuwa shahidi mwaminifu. Huo ulikuwa muongo ambao wananchi walikutana na mageuzi ya uchumi kama ufidhuli wa mtu, na wimbo unakosea mahali pale pale walipokosea wasikilizaji wake.

Kwa upande wa namna, jina la kundi linatosha kuanzia. "Mgosi", kwa tofauti ndogo za matamshi, ni neno la Wabondei, Wasambaa na majirani zao kwa mwanamume, na mkoani Tanga ni namna ya kuitana. Kupeleka neno hilo na lafudhi ya Tanga kwenye redio ya taifa zima lilikuwa jambo ambalo Redio Tanzania ya chama kimoja, iliyolea Kiswahili sanifu, isingelipa nafasi kwa urahisi. Lafudhi hiyo iliwachekesha wasikilizaji wa Dar es Salaam. Kicheko hicho kilifanya kazi ya utani: mtani husema lisilosemeka na hapigwi. Kwa msikilizaji wa Bumbuli au Mtae hali ilikuwa kinyume, kwani sauti ilikuwa ya nyumbani na kilichobaki kusikika kilikuwa lawama tupu.

Pingamizi la "Tanga Kunani"

Inaweza kuhojiwa kwamba, ikiwa kipimo ni Tanga, basi "Tanga Kunani" wa kundi hilo hilo ungefaa zaidi, kwa kuwa unahoji hali ya mkoa wenyewe. Pingamizi hili lina nguvu mjini kuliko milimani. Huzuni ya Tanga ni ya bandari, mkonge, viwanda na reli ambayo haikubeba abiria muongo wote ule na iliirejesha huduma hiyo mwaka 2019. Mboga na matunda ya Lushoto hayakusubiri reli hiyo wala bandari hiyo. Yaliteremka Mombo, yakakata Segera na kwenda kuuzwa Dar es Salaam. Mkulima wa Soni aliweza kuusikiliza "Tanga Kunani" kama habari za jirani. "Wauguzi" hakuweza kuusikiliza hivyo.