Fundi wa Baridi Katika Nchi ya Baridi

Julai ikifika, watu wa Mbulu hutoka asubuhi wamevaa makoti mazito na kujitanda mashuka. Katesh nako, chini ya Mlima Hanang, upepo wa alfajiri hupenya hadi kwenye mifupa. Katika nchi hii, mtu akikuambia kwamba kazi yake ni kufunga viyoyozi, utamtazama mara mbili.

Na bado viyoyozi vipo. Sebuleni huvioni. Vipo nyuma ya jengo la benki, ubavuni mwa chumba cha mitambo ya simu, kwenye maabara ya hospitali, kwenye stoo ya dawa, kwenye chumba cha upasuaji ambako taa na mashine hutoa joto mchana kutwa na dirisha haliruhusiwi kufunguliwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 na ambayo leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT, ipo kilomita zipatazo 300 kutoka Arusha. Kifaa kikiharibika kwa joto mahali kama hapo, hutembei mtaa wa pili kununua kingine.

Dar es Salaam kiyoyozi kikifa saa nane mchana, fundi atapigiwa simu kabla ya saa nane na nusu. Mwenye ofisi anatokwa jasho, tena ana mdomo. Mbulu kikifa, hakuna anayetokwa jasho. Kinachoumia ni vitendanishi kabatini, betri kwenye raki, kompyuta zinazobeba kumbukumbu za wagonjwa, na vyote hivyo havisemi. Vinaharibika kimyakimya, na siku ya kugundua huwa ni siku ya kuvihitaji. Kwa hiyo fundi wa kiyoyozi wa nyanda za juu hufanya kazi kwa niaba ya vitu visivyojua kulalamika. Nauheshimu ufundi huu kwa sababu hiyo hasa. Pwani tunausifu kwa starehe inayotupa. Mbulu starehe haipo, na kinachobaki ni kazi yenyewe.

Tena ufundi huu ulianzia kwenye kuhudumia vitu. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, Brooklyn. Hakuitwa kwa ajili ya jasho la wachapaji. Karatasi ilikuwa ikinyonya unyevu wa hewa na kutanuka, kesho yake ikasinyaa, na rangi ya pili haikuangukia pale ilipoangukia ya kwanza. Alichotakiwa ni kuituliza hewa ili karatasi itulie. Kuwaburudisha watu kwenye kumbi za sinema kulikuja baadaye, miaka ya 1920. Chumba cha maabara cha Haydom kina undugu wa karibu zaidi na kiwanda kile kuliko hoteli yoyote ya Dar es Salaam.

Wenyeji nao walijua kuitawala hewa ya ndani kabla kompresa haijafika. Tembe za zamani za Wairaqw zilichimbwa kwenye mteremko, kilima chenyewe kikawa ukuta wa nyuma, na paa bapa likafunikwa udongo. Zilimficha mtu na mifugo yake wakati wa uvamizi, lakini pia zilimhifadhi dhidi ya hali ya hewa, kwa maana udongo mnene hupokea joto la mchana taratibu na kuliachia taratibu usiku. Leo tunajenga kwa tofali na bati. Bati tupu huwaka saa saba mchana na kuwa barafu saa kumi alfajiri, na chumba kilicho chini yake hufuata kila linakoelekea.

Fundi mzuri huanza hapo, kwenye paa. Hajafungua boksi la mashine, anatazama kama kuna dari, jua linaingia upande gani, mlango unafungika au la. Anauliza ndani kutakaa nini, kwa sababu kila wati ya umeme inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa wati ya joto. Ndipo anahesabu kama chumba kinataka mashine ya BTU 9,000 au 12,000, au hakitaki kabisa. Namsifu kuliko wote fundi anayeweza kumwambia mteja, “Mama, hapa weka dari na tundu la hewa juu, pesa yako ibaki,” akaondoka bila kuuza. Nyanda za juu zina vyumba vingi vya namna hiyo.

Chumba kikiwa kinahitaji kweli, kazi inaanza. Kipande cha ndani hutundikwa kwa pima maji, tundu la ukutani huinamishwa kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ndani, na vipande viwili huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba. Gesi inayozunguka humo huchemka ikiwa ndani ya chumba na kunyonya joto. Ikifika nje, baada ya kubanwa na kompresa, hulitema joto hilo na kurudi kuwa kimiminika.

Bomba la shaba hukatwa kwa kikata bomba. Msumeno huacha unga. Makali ya ndani hukwanguliwa mdomo wa bomba ukiwa umeelekea chini, vipande vianguke sakafuni na visije vikasafiri hadi kwenye kompresa. Nati huvishwa kwanza, ndipo mdomo hupanuliwa kwa kifaa chake, upanuke sawa pande zote, laini, usio na ufa. Tone la mafuta hupakwa mgongoni mwa mpanuko huo. Nati hukazwa kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha, na kwa bomba la robo inchi nguvu inayotakiwa ni nyutonimita 14 hadi 18. Ukilegeza, gesi itatoroka; ukikaza kwa hasira, shaba itapasuka na gesi itatoroka vilevile. Kisha bomba hujazwa nitrojeni na kila kiungo hupakwa povu la sabuni. Fundi huinama akatazama povu kama mchungaji anayetazama kwato za ng’ombe mmoja mmoja.

Baada ya hapo hewa yote hutolewa kwa pampu, na hapa ndipo mlima unapompima fundi.

Ukifunga mashine Tanga au Dar es Salaam, mshale wa geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki chini ya sifuri, na mtu akajua bomba ni tupu. Fundi aliyezoea hivyo akipanda na pampu yake hadi Haydom, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ataona mshale umefika 24 na ushee ukakataa kwenda zaidi. Atakaza nati. Atabadilisha mipira. Ataishuku pampu. Pampu haina kosa. Geji ya aina hiyo hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa inayoizunguka, na huko juu hewa inayotuelemea ni nyepesi zaidi: maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na hizo inchi 30 hazipo za kuondolewa. Mshale umefika mwisho wake kwa haki. Vivyo hivyo, akiisoma presha ya gesi mashine inapofanya kazi, geji itamwonyesha karibu pauni 3 kwa inchi ya mraba zaidi ya ambazo angeziona pwani kwa gesi ileile yenye joto lilelile. Asipolijua hilo, ataondoa gesi isiyozidi.

Kipimo cha kuaminika hapo ni kile cha kielektroniki kinachohesabu kwa maikroni, kuanzia utupu wenyewe. Pampu huachwa ifanye kazi hadi kipimo kisomeke chini ya 500, kisha vali hufungwa na fundi husubiri. Kusubiri huku ndiko ninakokupenda. Namba ikipanda kidogo ikatulia, kuna unyevu uliobaki ndani na pampu irudi kazini. Ikipanda bila kutulia, kuna tundu. Asubuhi ya baridi maji yaliyonasa ndani ya bomba hugoma kugeuka mvuke: kwenye nyuzi 20 huchemka presha ikishuka chini ya milimita 17 na nusu za zebaki, lakini kwenye nyuzi 10 yanadai ishuke hadi 9. Basi anayefunga mashine Mbulu mwezi wa Julai huipa pampu muda mrefu zaidi, au hungoja jua lipashe ukuta.

Wapo wanaoruka hatua hii yote. Hufungua gesi kidogo, wakapuliza hewa itoke upande wa pili, wakawasha, na baridi ikaja. Mteja anafurahi na kulipa. Lakini unyevu uliobaki hukutana na mafuta yanayotumika katika mashine za siku hizi na kuzaa asidi, nayo huanza kula nyaya za kompresa kidogo kidogo. Mashine ikifa baada ya mwaka mmoja au miwili, lawama hupewa umeme, au kiwanda. Hakuna anayemkumbuka aliyekosa subira ya nusu saa. Ufundi unaofichwa ndani ya bomba una mashahidi wachache sana, na anayeufanya vizuri bila shahidi anastahili sifa ambayo hakuna mteja atakayempa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto havilisisitizi. Chumba cha mitambo hutaka baridi usiku na mchana, lakini usiku wa Hanang nje kwenyewe ni baridi. Kiyoyozi cha kawaida kilitengenezwa kutupa joto kwenye hewa ya moto. Kikilitupa kwenye hewa ya nyuzi 9, presha ya upande wa nje huanguka, gesi hukosa msukumo, na koili ya ndani huanza kuota barafu hadi hewa isipite. Anayeona barafu hudhani mashine imezidi nguvu, kumbe imedhoofika. Dawa yake ni kidhibiti kinachopunguza mwendo wa feni ya nje kadiri baridi inavyoongezeka, au mashine iliyotengenezwa tangu kiwandani kuhimili baridi. Mahali pengine fundi mwenye busara huweka feni ya kuingiza hewa safi ya usiku kupitia chujio, mashine ikalala hadi asubuhi. Hewa hiyo ya Mbulu ni mali ya bure.

Matunzo hayana hadithi ndefu. Kiangazi vumbi la barabara na la mashamba ya ngano ya Basotu huziba chujio na mapezi ya kipande cha nje, na hewa nyepesi ya mlimani, pungufu kwa asilimia 18 hivi ukilinganisha na ya pwani, tayari hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Uchafu kidogo huko ni uchafu mwingi. Chujio huoshwa kwa maji, mapezi kwa brashi laini na maji yasiyo na kishindo. Mijusi huzibiwa njia ya kuingia kwenye saketi, maana mmoja akilala juu ya bodi yenye umeme, hufa yeye na bodi. Umeme ukikatika na kurudi, mashine isiwake kabla ya dakika tatu, presha za pande mbili zilingane kwanza.

Na gesi haiishi. Hili ningependa kila mhasibu wa hospitali alijue, kwa sababu yeye ndiye anayesaini malipo ya “kujaza gesi” kila mwaka. Gesi haitumiki kama petroli. Ikipungua, imevuja, na anayeongeza bila kutafuta tundu anaiuza gesi kwa hewa. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikiachiwa hupasha dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. R-32, inayochukua nafasi yake, 675. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa hapa kwetu Afrika Mashariki, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, kama nyongeza ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Anayeyatekeleza ni mtu mwenye povu la sabuni mkononi.

Nimesema vitu havina mdomo. Yupo pia binadamu asiyeweza kueleza hali yake, mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28, bila upepo. Alfajiri ya Julai, chumba cha zege mlimani kiko mbali na hapo. Sasa, zipo mashine hizihizi zenye vali ya kugeuza njia ya gesi: kipande cha nje kinanyonya joto kutoka hewa baridi, cha ndani kinalitema chumbani, na kwa umeme uleule hutoa joto mara tatu au zaidi ya hita ya waya. Nyingi zinazouzwa katika maduka yetu ni za baridi tupu, kwa sababu huagizwa kwa kufikiria pwani. Anayeandika oda ya wodi ya wazazi ya Haydom, Dongobesh au Katesh aandike wazi kwamba anataka ya baridi na joto. Na fundi akiifunga, aelekeze midomo ya hewa mbali na kitanda cha mtoto, kisha aijaribu njia zote mbili kabla hajakusanya spana zake, hata kama siku hiyo ni Januari na kila mtu chumbani anamwambia joto halihitajiki.