Eksirei Inapoonyesha Mwiba na Kuficha Usaha

Mgonjwa wa kisigino huulizwa swali moja hata kabla hajavua kiatu: ukishuka kitandani asubuhi, hatua za kwanza zinauma? Akikubali, na akasema maumivu hupungua akishatembea kidogo, kwa kawaida tatizo ni utando mgumu wa unyayo. Kazi huwa ngumu kwa yule anayeumwa usiku amelala, hajakanyaga chochote, na soli laini hazikumsaidia. Naye hupigwa eksirei, picha ikaonyesha mwiba wa mfupa chini ya kisigino, na faili likafungwa. Kwangu mimi hapo ndipo uchunguzi huharibika. Mwiba huo wanao watu wengi wasioumwa kabisa. Kuonekana kwake si ushahidi kwamba ndio unaouma.

Chanzo cha maumivu hayo ya usiku kinaweza kuwa ndani ya mfupa wenyewe. Mfupa wa kisigino ni kama boflo: ganda jembamba nje, ndani vitundu vitundu vyenye uboho na damu. Bakteria wakiingia humo wanaweza kukaa miezi bila kutoboa ganda, kisigino kisivimbe sana na homa isipande. Mwaka 1832 Benjamin Brodie, daktari mpasuaji wa London, aliandika kuhusu usaha uliojifungia hivyo ndani ya mfupa wa muundi. Mgonjwa wake mmoja alikatwa mguu kwa maumivu yasiyoelezeka. Jipu lilionekana baada ya mguu kukatwa.

Njia ya kuingilia mara nyingi imeshasahaulika. Msumari uliopenya raba unaweza kumsukuma hadi mfupani bakteria aitwaye Pseudomonas, anayependa unyevu wa soli. Ngozi ikapona, yeye akabaki. Mwenye kisukari huanzia kwenye kidonda asichokihisi. Kwa mtoto, vimelea husafiri na damu, na mwenye selimundu huandamwa zaidi na Salmonella. Kifua kikuu nacho hushuka kisiginoni, kwa mwendo wa polepole mno. Sindano ya steroidi ikichomwa hapo kwa kudhani ni utando, hutuliza maumivu na kudhoofisha kinga ya pale pale.

Kipimo cha kwanza ni viganja viwili vya daktari: bana kisigino ubavuni, kushoto na kulia. Utando huuma zaidi ukibonyezwa chini, upande wa ndani. Mfupa wenyewe huuma ukibanwa (ufa wa mfupa pia, kwa hiyo kesi haijaisha). Damu hupimwa ESR na CRP, vipimo vya dalili za uvimbe au maambukizi mwilini. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa mfupa hubadilika rangi pichani ukishapoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake. MRI huona uboho uliojaa maji ndani ya siku chache.

Picha hata hivyo haitaji jina la kimelea. Linatajwa na kipande cha mfupa, na hapa ndipo pa kuwa makini. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kitolewe kabla ya antibiotiki, la sivyo maabara huenda isioteshe kitu. Pamba iliyopanguswa juu ya kidonda haitoshi, maana huleta wakazi wa ngozi. Kipande kigawanywe: sehemu ya kuangaliwa kwa hadubini iende kwenye fomalini, ya kuoteshwa isiiguse kabisa, kwani fomalini huua kila kilichomo. Kifua kikuu kiombwe waziwazi; uoteshaji wa kawaida haukioni, huku GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya kimelea, ikiweza kujibu kwa saa chache.

Mfupa uliokufa huondolewa kwa upasuaji, kisha dawa hufuata, kwa kawaida wiki 6 hivi kwa bakteria wa kawaida na miezi kwa kifua kikuu. Zamani wiki hizo zilimaanisha dripu. Utafiti wa OVIVA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na washiriki 1,054, ulionyesha kwamba kwa maambukizi ya mifupa na viungo vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuzidiwa na dawa ya mshipani. Ila huwezi kuchagua vidonge vizuri kama ile sehemu ya kuoteshwa ilitumbukizwa kwenye fomalini.