Mvua ya Madimba Haipimwi Madimba Pekee

Kila karavati, mtaro na daraja kati ya mji wa Mtwara na mdomo wa Mto Ruvuma limejengwa juu ya namba moja ambayo mpita njia haioni: kiasi cha mvua ambacho msanifu aliamua kwamba ujenzi huo lazima ukihimili. Namba hiyo ndiyo inayopanga upana wa bomba, kimo cha tuta na kina cha msingi. Madimba, iliyo katika eneo hilo, ina sababu ya pekee ya kuijali. Tangu mwaka 2015 kiwanda cha kuchakata gesi ya Mnazi Bay kinafanya kazi hapa, kikiwa na uwezo wa futi za ujazo milioni 210 kwa siku, na ni kutoka hapa gesi huingia katika bomba la inchi 36 linalopanda kaskazini hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Barabara za kufikia kiwanda, mkuza wa bomba, na njia ya watu wa Msimbati kwenda sokoni na hospitalini zote zinategemea maji yapite pale yalipopangiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba namba ya mvua inayochotwa kwenye kipimamvua cha Mtwara peke yake huwa ndogo kuliko hatari halisi, hata pale hesabu yenyewe inapokuwa haina kosa. Kuirekebisha kunawezekana kwa maarifa tuliyonayo tayari, na kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na namna namba hizi zilivyopatikana. Wahandisi wa Afrika Mashariki wamefanya kazi kwa miongo mingi kwa msingi uliowekwa na maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, TRRL. Mwaka 1974 Fiddes, Forsgate na Grigg walichapisha ripoti ya kukadiria mvua za dhoruba katika Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1976 ikafuata modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki. Tatizo lililowakabili lingali letu: vituo vilivyopima mvua ya siku nzima vilikuwa vingi, lakini vile vyenye vipimo vya kujiandikia, vinavyoonyesha mvua ya dakika kumi au ya saa moja, vilikuwa vichache mno. Walichofanya kilikuwa cha busara. Walichora ramani ya mvua ya siku inayotarajiwa kufikiwa au kupitwa mara moja katika miaka miwili, kisha ramani ya pili ya uwiano kati ya mvua ya miaka kumi na ile ya miaka miwili, na kanuni ya kuishusha mvua ya siku hadi ya saa au dakika. Walitambua pia kwamba pwani si bara: huko bara sehemu kubwa ya mvua ya siku hushuka katika muda mfupi, ilhali pwani dhoruba hujivuta kwa saa nyingi zaidi. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini ilijengwa kwa takwimu za kabla ya 1974, na nguvu yake iko kwenye mvua za miaka miwili hadi kumi. Anayeivuta hadi mvua ya miaka 50 au 100 anatembea mahali ambapo takwimu zenyewe hazikufika.

Kwa pwani ya Ruvuma, kuivuta namna hiyo kuna hatari ya ziada. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua kubwa za kawaida hutokana na mawingu ya ngurumo ya msimu huo. Mvua hizo hujirudia kila mwaka, kwa hiyo hata kumbukumbu ya miaka thelathini inazieleza vizuri. Ila ipo mvua ya aina ya pili, inayoletwa na vimbunga vya Bahari ya Hindi, ambayo inaweza kukosekana katika kituo kimoja kwa kizazi kizima. Mtakwimu akichanganya aina hizi mbili na kuzipitishia mstari mmoja, mvua za ngurumo, kwa wingi wake, ndizo zitakazoamua mwelekeo wa mstari, na mvua ya kimbunga itaonekana kama kituko cha kupuuzwa au haitaonekana kabisa. Njia sahihi ni kuzitenga, kukadiria uwezekano wa kila aina peke yake, kisha kuziunganisha. Faida ya kuzitenga huonekana hadi kwenye ujenzi: karavati la kijito kidogo huzidiwa na mvua kali ya nusu saa, lakini bonde pana na uwanda wa chini karibu na Ruvuma huzamishwa na mvua ya siku mbili isiyokatika. Mstari mmoja hauwezi kuhudumia vyote viwili.

Je, kimbunga ni jambo la kweli kwa Madimba, au ni hofu ya kuazima? Tazama ramani. Aprili 15, 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi, chini ya kilomita 100 kaskazini mwa Madimba. Aprili 25, 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, chini ya kilomita 200 kusini, na mji wa Pemba wa huko ukapata zaidi ya milimita 500 za mvua katika siku chache. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi eneo la Mafia, karibu kilomita 300 kaskazini, na Mtwara, ingawa ilikuwa mbali na kitovu chake, ilipata katika muda wa siku moja mvua iliyozidi wastani wa mwezi mzima wa Mei, ambao ni takriban milimita 54. Madimba imekaa katikati ya njia hizi. Hakuna mlima wala mkondo wa bahari ulioamua kwamba Kenneth kishuke Cabo Delgado badala ya kuvuka Ruvuma. Ni mgeuko mdogo wa mwelekeo wa upepo. Kipimamvua cha Mtwara kinaeleza kwa ukweli kile kilichoanguka juu yake. Hakiwezi kueleza kile kilichopita jirani na ambacho kingeweza kuanguka juu yake.

Kwa hiyo msanifu wa Madimba anapaswa kuazima kumbukumbu. Njia ya kwanza ni kukusanya vituo vya ukanda mmoja wenye tabia moja ya mvua, Kilwa, Lindi, Mtwara na Pemba ya Msumbiji, na kuvisoma pamoja, ili upana wa eneo ufidie ufupi wa miaka. Mbinu hii ina misingi imara ya takwimu, iliyopangwa vizuri na Hosking na Wallis katika kitabu chao cha 1997, na inakubalika duniani kote. Njia ya pili ni kuihamisha dhoruba: kuchukua mvua ya Kenneth kama ilivyonyesha Pemba, kuiweka kwenye hesabu juu ya mabonde ya Madimba, na kuuliza kipi kitasimama na kipi kitaondoka. Hili si dai la kwamba kila karavati lihimili milimita 500. Ni jaribio la mwisho, la kujua mapema udhaifu uko wapi.

Baada ya namba ya mvua, yako marekebisho matatu ambayo huachwa kwa urahisi. La kwanza ni saa ya kusoma kipimo. Mvua ya siku husomwa saa 3 asubuhi, na dhoruba haisubiri saa 3. Ikianguka nusu usiku na nusu mchana, daftari litaigawa siku mbili na kila siku itaonekana ya wastani. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa huzidisha mvua kubwa ya siku kwa takriban 1.13 ili kupata mvua halisi ya saa 24. La pili ni joto. Hewa yenye joto la nyuzi moja zaidi hubeba karibu asilimia 7 zaidi ya mvuke, na tathmini ya mwaka 2021 ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, inakadiria kwamba, kwa dunia iliyoongezeka joto kwa nyuzi 2, mvua kubwa ya siku ambayo zamani ilitarajiwa mara moja katika miaka kumi itakuwa nzito kwa asilimia 14 hivi kwa wastani wa nchi kavu. La tatu ni udongo, na hapa ndipo watu wa Mtwara wana hoja nzito: ardhi yetu ni kichanga, hunywa maji, na Uwanda wa Makonde hauna mito mingi ya juu ya ardhi. Ni kweli. Lakini kichanga hunywa hadi kinaposhiba, na vimbunga nilivyotaja vyote vitatu vilikuja kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei, msimu ulipokuwa ukimalizika, wakati udongo umekwisha kupokea miezi ya mvua. Anayetumia kiwango cha kichanga kikavu kwa dhoruba ya mwisho wa msimu anasanifu kwa ajili ya siku ambayo dhoruba haiji.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kijito chenye eneo la nusu kilomita ya mraba, mvua ya usanifu ya milimita 60 kwa saa, na udongo unaoachia asilimia 30 ya maji yatiririke. Kanuni ya kawaida ya mitaro inatoa mtiririko wa mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Sasa weka marekebisho: zidisha mvua kwa 1.13, kisha kwa 1.14, na ukubali kwamba udongo ulioshiba unaachia asilimia 45. Mtiririko unafika 4.8, karibu mara mbili. Katika ongezeko hilo mchango wa mabadiliko ya tabianchi ni mdogo kuliko wa udongo, jambo linaloonyesha kwamba mradi unaojigamba kuhimili tabianchi kwa kuongeza asilimia fulani juu ya mvua, huku ukiacha udongo na saa ya kipimo kama vilivyokuwa, umeshughulikia sehemu ndogo tu ya tatizo.

Pingamizi la kwanza ni fedha: nchi yenye barabara nyingi za udongo haiwezi kujenga kila kitu mara mbili. Jibu liko kwenye bomba la karavati lenyewe. Uwezo wa karavati la duara haukui sawasawa na kipenyo. Hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha takriban mbili na nusu. Kutoka sentimita 90 hadi 120 uwezo huongezeka zaidi ya mara mbili. Maana yake, marekebisho yote matatu ya mfano wetu yanafidiwa kwa kuongeza kipenyo kwa uwiano huohuo, na katika gharama ya karavati bomba ni sehemu tu. Uchimbaji, tuta, kuta za pembeni na kazi ya mafundi hazirudufiki. Kwa madaraja makubwa hesabu ni ngumu zaidi, na hapo lazima kuchagua: maeneo ambayo kukatika kwake kunaitenga wilaya yapewe kiwango cha juu, na mengine yakubaliwe kufurika kwa utaratibu, yakiwa na sakafu ngumu ya kupitisha maji juu yake bila tuta kuliwa.

Pingamizi la pili ni kwamba modeli za tabianchi hazikubaliani kuhusu Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba kuhusu jumla ya mvua za msimu modeli nyingi zilitabiri ongezeko ilhali masika ya miongo kadhaa iliyopita katika sehemu kubwa ya ukanda huu yalipungua. Lakini mtaro haujazwi na jumla ya msimu. Hujazwa na siku moja, na msimu haba unaweza kubeba siku nzito sana. Modeli ya Afrika nzima yenye hatua za kilomita 4.5, ambayo matokeo yake yalichapishwa 2019, iliweza kuonyesha mawingu ya ngurumo vizuri zaidi na ikatoa ongezeko kubwa la mvua kali kuliko modeli za kawaida. Pia hoja yangu haisimami juu ya dai kwamba vimbunga vinaongezeka idadi. Hata idadi ikibaki ileile ya tangu 1952, namba inayovisahau ni pungufu leo. Wengine husema setilaiti zimemaliza uhaba wa takwimu. Zinasaidia sana kuonyesha dhoruba ilienea wapi, lakini makadirio yake ni ya wastani wa mraba wa kilomita kadhaa, na wastani huo hupunguza kilele. Zitumike pamoja na vipimamvua vya ardhini.

Kuna swali ambalo namba yoyote, iwe kubwa kiasi gani, hailiondoi: nini kitatokea ikipitwa? Mvua ya miaka 50 ina uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka, na kwa ujenzi wa kudumu miaka 30 uwezekano wa kuipata walau mara moja ni asilimia 45. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika Somanga, na mikoa ya kusini ikapoteza njia yake kuu ya lami kando ya pwani. Somanga ni mbali na Madimba, lakini mgonjwa wa rufaa na vipuri vya kiwanda hupita hapohapo. Karibu na Ruvuma lipo jambo jingine: mitaro inayomwaga maji kwenye mikoko haitoi kitu saa ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa. Dhoruba ikikutana na bamvua, hata bomba pana husimama. Kwa hiyo kiwango cha bahari lazima kiwe ndani ya hesabu ya mvua.

Ninachotaka ni jambo moja linaloweza kuanza na zabuni ijayo ya wakala wa barabara TANROADS na TARURA, halmashauri au shirika la mafuta TPDC: kila usanifu wa njia ya maji katika pwani hii uambatane na ukurasa wa mvua ulio wazi. Ukurasa huo utaje vituo vilivyotumika na miaka yake, useme kama mvua za vimbunga zilitengwa, uonyeshe marekebisho ya saa ya kipimo, joto na udongo ulioshiba, na ueleze kitakachotokea dhoruba ya Kenneth ikihamishiwa hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo ihesabu upya viwango vya mvua za muda mfupi kila baada ya miaka michache, kwa kushirikiana na wenzao wa Msumbiji, kwa sababu kimbunga hakitambui mpaka wa Ruvuma. Namba iliyoandikwa asili yake inaweza kuhojiwa na kusahihishwa kabla ya zege kumwagwa. Isiyoandikwa husahihishwa na mafuriko, na gharama yake hulipwa na watu wasioshirikishwa kuichagua.