Hewa ya Sarang'ombe si Hewa ya Mombasa

Majuzi, katika jengo la ghorofa karibu na Olympic, Kibera, niliwasikia wageni wakiusifu mtambo mpya wa maji taka kwa sababu maji "yanachemka". Kweli yalichemka. Viputo vikubwa vilipasuka katikati ya tangi, huku pembeni maji yamelala na tope limetuama kwenye kona. Fundi akapigiwa makofi. Iliniuma, kwa sababu mchemko ule ndio dalili ya kwanza ya kazi mbovu: kiputo kikubwa hupanda upesi na kutoroka na oksijeni yake karibu yote.

Tangi lililotengenezwa vizuri husisimka sawasawa, ukuta hadi ukuta. Levo ya difyuza, yaani vitoa viputo vya chini ya tangi, hupimwa kwa maji yenyewe: yajazwe yazifunike kidogo tu, bloa inayosukuma hewa iwashwe, na iliyoinama itajionyesha. Bomba la hewa lipande juu ya uso wa maji kabla ya kushuka, la sivyo stima ikipotea maji yatarudi hadi kwenye bloa. Bomba la plastiki lisikaribie mdomo wa bloa, maana hewa inayotoka pale ni ya moto. Bloa ziwe tatu, mbili kazini na moja ikingoja. Kuweka moja kubwa peke yake ni kuwadharau wakazi.

Hayo yote mwanagenzi huyaona akionyeshwa. Asichokiona kamwe ni mwinuko. Sarang'ombe, wadi yetu hapa Kibera, Nairobi, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Bloa huvuta ujazo uleule popote iwekwapo, ila ujazo wa hapa una hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Halafu maji nayo hupokea kidogo: maji safi ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari hushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, lakini hapa hayafiki 7.5. Hasara inaingia mara mbili, na mtambo uliopigiwa hesabu za pwani hupoteza karibu theluthi ya uwezo wake kabla haujapokea ndoo ya kwanza ya uchafu. Hata mota huumia, kwani mota za kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Hewa nyepesi haizipoozi vya kutosha.

Watafiti Ardern na Lockett walipotangaza njia ya tope hai, ya kusafisha maji taka kwa kuyapulizia hewa, mwaka 1914, walikuwa Manchester, mji wa bondeni. Majedwali mengi tunayonakili bado yana hewa nzito ya namna ile. Mhandisi mmoja mzee aliyenifundisha kazi hakuwa akikunjua mchoro wowote kabla ya kuuliza, "Kijana, hapo ni mita ngapi?" Ukibabaika, alikuwa akikurudishia hivyohivyo ulivyokunjwa.

Walaghai nao hunaswa na mwinuko huohuo. Nimewahi kufungua daftari la mtambo mmoja nikakuta oksijeni ya miligramu 8.8, siku baada ya siku, kwenye maji taka ya nyuzi 24. Nairobi hata maji safi ya joto hilo hayafiki 7. Aliyeandika alikuwa ameketi kivulini akitunga, au mita yake ya oksijeni ilikuwa imepotoka.

Zamani, waliojenga mtambo wa maji taka wa Kariobangi walinyunyizia maji juu ya mawe, hewa ikapita yenyewe bila bloa. Kwenye mabwawa ya maji taka ya Ruai, jua na mwani ndivyo vinavyoleta oksijeni. Kazi ile ilikuwa na adabu: ilianza kwa kuitazama nchi ilivyo, ndipo ikachorwa. Siku hizi mtambo huagizwa kwa katalogi.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka BOD, kipimo cha uchafu unaokula oksijeni, isizidi miligramu 30 kwa lita kabla maji hayajaachiwa mtoni, na yetu huishia Mto Ngong. Kwa hiyo kamati ya jengo ikiletewa mtambo, iache kuchungulia tangi kwanza. Idai karatasi ya hesabu na kutafuta mstari wa mwinuko. Ukikosekana, au ukisoma sifuri, isitie sahihi.