Miwaridi ya Kufugwa

Jua la Gerezani, mtaa wetu wa Dar es Salaam, sasa ni la kugawana. Wazee wa mtaa wanasimulia kwamba zamani lilishuka uani bila kuomba njia, kwa sababu nyumba zote zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na paa la bati lisilomzidi mtu mrefu kwa mengi. Leo nyumba za namna hiyo zilizobaki zimesimama chini ya maghorofa ya maduka na maghala, na vivuli vya maghorofa hayo hutembea mtaa mzima kabla ya alasiri. Katika nyumba niliyopanga, jua huingia uani saa tatu asubuhi kwenye kona ya choo, hufika karoni karibu na adhuhuri, hupanda ukuta wa jirani, na saa tisa limekwenda zake. Hakuna mahali hata pamoja panapolipata kwa zaidi ya saa mbili mfululizo.

Mwaridi unataka jua la saa zisizopungua sita kila siku. Ukiupanda ardhini katika ua wa aina hii utarefuka kutafuta mwanga, utakonda, utakupa majani na kukunyima maua. Lakini ukiwa ndani ya kopo la rangi la lita nne, lililotobolewa chini kwa msumari wa moto, unabebeka. Asubuhi chooni, adhuhuri karoni, alasiri kwenye jukwaa la tangi la maji ambalo fundi wa mtaa wa pili alilichomelea kwa vyuma chakavu. Kwa hiyo ninafuga miwaridi midogo, ile ambayo mmea mzima, wenye shina lake, miiba yake na matawi yake, huishia kati ya shubiri moja na goti la mtu, na ua lake lina upana wa vidole viwili. Si chipukizi za miwaridi mikubwa. Ndiyo imeshakua, haiendi zaidi ya hapo.

“Mangi, leo hujawatoa malishoni?” huniuliza kijana wa guta anayepita na mzigo. Hapa mjini kila Mchaga mwenye duka ni Mangi, awe wa ukoo wa watawala au awe, kama mimi, mjukuu wa wakata majani. Ananitania, lakini amegonga penyewe. Nilichokileta mjini kutoka Kilimanjaro si mtaji. Mtaji niliukuta huku. Nilikuja na mazoea ya kumhudumia kiumbe asiyeweza kujitafutia.

Kihamba, shamba la nyumbani la Kilimanjaro, ni kidogo na kimejaa: magimbi na maharage chini, kahawa juu yake, migomba juu ya kahawa, na miti ya kivuli juu ya vyote. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, kule Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Wageni wakifika husifu miti na mifereji. Mimi ningeanza na ng’ombe. Kihambani hakuna nafasi ya malisho, kwa hiyo ng’ombe haendi kokote. Anasimama bandani mwaka hadi mwaka, na enzi za mababu alilala ndani ya nyumba ya msonge pamoja na wenye nyumba, akiwapasha joto usiku wa baridi. Kila kitu anapelekewa. Akina mama waliteremka tambarare na kupanda tena na mizigo ya majani iliyowafunika hadi mabegani. Sisi watoto tulikatakata vigogo vya migomba, tukachota maji mfongoni, yaani kwenye mfereji, tukamlambisha magadi. Samadi yake ilirudi kwenye migomba, na mgomba ukishakatwa kigogo chake kilirudi kwake. Ng’ombe wa machungani ukimsahau siku moja atajipatia chochote. Wa bandani ukimsahau, anakutazama.

Bibi yangu alikuwa akiingia bandani kabla hajaitikia shikamoo ya mtu. Aliangalia kinyesi kwanza. Kikiwa chepesi kupita kiasi, majani ya jana yalikuwa mabichi mno. Kikiwa kikavu, maji hayakutosha, na mtoto mmoja angeitwa kwa majina yake yote matatu. Kisha alishika masikio kujua joto lake, kisha akatazama pua kama ina unyevu. Aliweza kutuambia jioni kwamba huyu kesho hatakula, na kweli asile. Hakuwahi kutufundisha kwa maneno. Alituacha tusimame nyuma yake na ndoo.

Mwaridi wa koponi husomwa hivyo hivyo, kutoka chini kwenda juu. Majani ya chini yakigeuka njano kwa pamoja na udongo ungali umelowa, tundu limeziba na mizizi inakosa hewa. Jani changa likiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea haupati chuma kutoka kwenye udongo. Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia, ni chumvi. Hili la chumvi ni maradhi yetu ya mjini: visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvichumvi, na bomba likikauka ndiyo yanayoletwa kwa madumu. Mtu huyanywesha maua yake kwa nia njema, na kila siku chumvi kidogo inabaki koponi. Dawa yake ni mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mapipa yangu yote hukaa chini ya mchirizi wa bati, na kila kopo hupewa maji mpaka yatoke chini, yakauke, kisha tena, ili yaliyokusanyika yaoshwe.

Lakini mvua hiyo hiyo inaleta madoa meusi. Ni ukungu unaohitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili uote, na Aprili ya Dar es Salaam haimnyimi mtu saa hizo. Kwa hiyo maji ni ya shinani, asubuhi, na jani lenye doa linachumwa na kutupwa mbali, halibaki koponi. Januari na Februari adui hubadilika: utitiri mwekundu, mdogo kuliko punje ya chumvi, hupenda joto na ukavu, hukaa chini ya jani na kulinyonya mpaka lipauke. Wengi hukimbilia duka la dawa. Utitiri haupendi kuoga. Unarushiwa maji chini ya majani kwa siku kadhaa mfululizo, alfajiri, ili majani yakauke mapema, na unapungua. Kwa vidukari natwanga majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja na kunyunyiza. Ni kazi ya vidole na macho, ya dakika chache kabla duka halijafunguliwa, na sijaona chai inayoamsha mtu vizuri zaidi.

Samadi huja na guta, kiroba kimoja kimoja, kutoka kwa watu wanaozoa upande wa mnada wa Pugu. Iliyo mbichi huunguza mizizi. Lazima ikae miezi mpaka ipoe, iwe nyeusi, ikichanguka mkononi bila kunata. Naichanganya na udongo wa juu na mchanga wa mtoni, kamwe si wa pwani. Kiroba kipya kikifunguliwa, wapangaji wenzangu hufunga madirisha. Mimi hulifungua langu.

Kupogoa nilifundishwa na mbuzi. Kwenye parokia yetu kulikuwa na safu ya miwaridi mirefu myekundu, kwa kuwa mapadre waliopanda Kilimanjaro katika miaka ya 1890 walipenda bustani karibu kama walivyopenda kahawa, na waliowafuata waliendeleza. Siku moja mbuzi wa jirani alikata kamba. Mbuzi si mlaji wa hovyo kama watu wanavyodhani. Huchagua, huanza na ncha laini, na miiba haimsumbui hata kidogo. Alipokamatwa alikuwa amemaliza nusu ya safu, na maneno yaliyosemwa siku hiyo hayakuwa ya kanisani. Baada ya mwezi na nusu hivi nusu iliyoliwa ilichanua sana, kila tawi lililokatwa limetoa mawili, wakati nusu iliyolindwa ilikuwa imesimama vile vile na maua yake machache huko juu. Hakuna aliyemrudishia mbuzi heshima yake. Mimi nikishika mkasi nakata juu ya jicho linalotazama nje, bila huruma, na baada ya wiki sita nahesabu maua.

Kitawi kilichokatwa nacho hakitupwi. Kipande cha urefu wa kidole, chenye macho matatu au manne, kinachukuliwa kwenye tawi ambalo ua lake limepukutika karibuni. Majani ya chini yanatolewa, ya juu yanabaki, kinachomekwa kwenye mchanga ulioloweshwa, kisha kinafunikwa kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Ndani ya chupa kunakuwa na jasho, na kwa joto letu mizizi hutoka ndani ya mwezi. Hapa midogo inaipita mikubwa, kwani miwaridi mikubwa ya bustani kwa kawaida huunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine, lakini hii husimama juu ya mizizi yake yenyewe. Mtu asiye na chochote isipokuwa kisu na chupa tupu anaweza kuizalisha.

Na watu wa namna hiyo ndio walioitunza. Simulizi za bustani zinasema miwaridi midogo ya asili ya China ilifika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kutokea Mauritius, yaani ilivuka bahari hii yetu, kisha ikapendwa kwa muda na kusahauliwa na wenye bustani kubwa. Karibu mwaka 1917 daktari wa jeshi la Uswisi aliyeitwa Roulet aliuona mmoja katika madirisha ya kijiji cha Mauborget, milimani Jura, kwenye vyungu vya wanakijiji. Alimweleza mtaalamu wa mimea wa Geneva, Henry Correvon. Ulipotafutwa, kijiji kilikuwa kimeshaungua moto, na mmea ukapatikana Onnens, kijiji cha jirani. Correvon akaupa jina la Roulet. Kutokana na huo, Jan de Vink wa Boskoop, Uholanzi, alizalisha aina iliyouzwa Marekani mwaka 1936 kwa jina la Tom Thumb, na huko California Ralph Moore, aliyefariki mwaka 2009 akiwa na miaka 102, akaifanya kazi ya kuzalisha miwaridi midogo kuwa maisha yake. Vitabu humsifu Correvon na jina alilolitoa. Mimi nawasifu wenye madirisha. Nyumba za wakulima wa Jura ziliweka watu na ng’ombe chini ya paa moja wakati wa baridi, kama msonge wetu, na sioni ajabu kwamba mmea unaohitaji kukumbukwa kila asubuhi ulipona mikononi mwa watu waliokwisha kuamka kukamua.

Mawaridi ya Arusha, yanayolimwa kwenye mabanda ya plastiki na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, ni mazuri, na nchi inahitaji fedha zake. Lakini kwangu hayo ni biashara kama vipuri ninavyouza dukani, si mifugo.

Mwenye nyumba wangu, Bi mkubwa, ni mtu wa pwani na ana hoja nzito dhidi yangu. Kwake waridi ni pua kwanza. Katika ujana wake lilichumwa kwa ajili ya kikuba, likafungwa pamoja na asumini na mrehani, na harusini mrashi ulizunguka ukinyunyiza maji ya waridi kama yale yanayokamuliwa kwa moto Jabal Akhdar, Oman, kila Aprili. Nilimpelekea ua langu la kwanza la kopo la njano. Alilinusa, akaligeuza, akalinusa tena. “Mwanangu,” akasema, “hili limejipodoa, halikujifukiza.”

Simbishii. Wazalishaji wa miwaridi midogo walikimbilia rangi na umbo, na mingi haina harufu ya kutosha hata kumvutia nyuki. Joto letu linazidisha: usiku wa Dar es Salaam haupoi kama wa Lushoto, ua hufunguka haraka, hupauka haraka. Ninachoweza kumjibu ni kwamba ng’ombe wa bibi naye alitoa maziwa ya kujaza kibuyu kimoja tu, na hakuna siku iliyozungumzwa habari ya kumuuza.

Kwetu mwenye ng’ombe wengi hakuwaweka wote kwenye banda moja. Aliwakabidhi kwa ndugu na majirani. Mlishaji alikunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama walikuwa wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia banda moja haukumaliza mali yote, na wenye macho ya husuda hawakujua hesabu. Nami nimefanya hivyo. Makopo yangu yako kwa mama ntilie wa kona, kwa mchomelea vyuma, kwa fundi cherehani wa barazani. Masharti ni yale yale: maua yenu, vitawi vyangu.

Mama ntilie ni mwaminifu. Na fundi cherehani tuna kesi. Kopo alilokabidhiwa lilizaa, nina ushahidi wa chupa zilizokatwa vitako chini ya mashine yake, lakini yeye anashikilia kwamba ndama wote walikufa. Watu wameniambia mmoja yuko Mbagala, dirishani kwa binti anayemposa. Tulilipeleka shauri kwa Bi mkubwa. Amesema hatatoa hukumu mpaka mmoja wetu amletee mwaridi unaonukia, na nasikia fundi ameshaagiza Lushoto.